Jinsi ya kutabiri mshindi wa jumla wa mbio za baiskeli za wiki tatu

Malindi haikosi watu wa Giro d'Italia. Waitaliano waliopiga kambi hapa huifuata kila Mei, na wenyeji waliozoea kukaa nao wanaifuata pia. Julai inaingia Tour de France, mwishoni mwa Agosti Vuelta a España, na barazani kila mtu ana wake. Wengi humtaja bingwa mtetezi, na mara nyingine hupatia: Tadej Pogačar ameshinda Tour 2020, 2021, 2024 na 2025. Ila kupatia jina ni jambo moja na kutabiri ni jingine. Anayetabiri huanza na barabara, kisha saa, kisha timu. Majina huja mwisho, tena yakiwa na asilimia mbele yake badala ya kiapo.

Unahitaji daftari, simu yenye saa ya kupimia mbio, na picha za njia ya kila mkondo, yaani mbio za kila siku ndani ya mbio nzima, ambazo waandaaji huziweka bure kwenye tovuti zao. Tenga jioni mbili kabla ya mbio kuanza. Baada ya hapo, mikondo mingi huishia kwenye saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Ufaransa au Italia, yaani saa kumi na mbili na nusu kwetu, hapo hapo kwenye magharibi. Anayetaka kuona kilomita tano za mwisho ajipange mapema.

Hatua ya 1: Jua kinachohesabiwa

Mikondo ni 21, na siku za mapumziko kwa kawaida ni mbili. Muda wa mikondo yote unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kushinda mikondo si sharti: Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kunolewa na David Kinjah, alishinda Tour ya 2017 bila kuwa wa kwanza kwenye mkondo hata mmoja, kwa pengo la sekunde 54.

Wanaovuka mstari wakiwa kundi moja hupewa muda mmoja. Watatu wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4, isipokuwa kwenye mbio dhidi ya saa, ambapo kila mtu huendesha peke yake na kupimwa muda wake. Kwenye mikondo ya tambarare, anayeanguka au kupata pancha ndani ya kilomita tatu za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo, na siku hizi mikondo mingine huongezewa hadi kilomita tano. Mkondo unaoishia kileleni hauna huruma hiyo. Kwa hiyo siku za tambarare hazimpi mtu jezi ya kiongozi, lakini zinaweza kumnyang'anya.

Hatua ya 2: Soma njia kabla hujasoma jina lolote

Andika namba nne juu ya ukurasa: kilomita za mbio za mtu mmoja dhidi ya saa, idadi ya mikondo inayoishia kileleni, idadi ya vilele vinavyopita mita 2,000, na mikondo yenye mitego.

Namba ya kwanza ndiyo inayochuja kuliko zote. Mwaka 2012 Tour ilikuwa na zaidi ya kilomita 100 za mbio dhidi ya saa, na Bradley Wiggins, bingwa wa kazi hiyo, akaibeba. Giro ya 2022 ilikuwa na kilomita 26.6 pekee, na ikaenda kwa mpanda milima Jai Hindley. Zikipita 60, mpanda milima mtupu mpunguzie alama mapema. Zikiwa chini ya 30, mrudishe. Tazama pia sura ya hizo kilomita: mbio dhidi ya saa zinazopanda mlima si mali ya mtu mzito mwenye nguvu, ni mkondo wa mlima uliovaa nguo nyingine.

Vilele vya zaidi ya mita 2,000 vihesabu peke yake. Mkenya hahitaji kuelezwa kwa nini wanariadha wetu hukaa Iten, kwenye kama mita 2,400: huko hewa ni nyepesi na mwili usiozoea hukwama. Col du Granon iko mita 2,413, na hapo mwaka 2022 Pogačar alimpoteza Jonas Vingegaard na kuachwa kwa dakika 2 na sekunde 51 katika mpando mmoja. Col de la Loze iko mita 2,304, na mwaka 2023 ilimgharimu tena, mara hiyo zaidi ya dakika tano. Njia yenye vilele vinne au vitano vya namna hiyo ni ya watu waliokaa wiki kadhaa kambini juu ya Teide au Sierra Nevada, milima mirefu ya Uhispania, na habari za nani yuko kambi gani hupatikana kwa urahisi mwezi mmoja kabla.

Mitego ni barabara za mawe, za changarawe, miteremko mikali, na upepo. Huu wa mwisho mtu wa pwani anauelewa upesi. Kusi likikaza, anayeendesha baiskeli kutoka Malindi kwenda Mambrui anasukumwa ubavuni, na mwenzake akitaka kujificha hawezi kukaa nyuma yake moja kwa moja, lazima akae nyuma-pembeni. Sasa weka watu 170 na kitu kwenye hali hiyo. Mstari wa mshazari unajaza upana wa barabara kwa watu kumi na tano au ishirini, na waliobaki wanapangana ukingoni bila kivuli cha upepo. Kundi linakatika vipande. Tour ya 2013, mkondo wa 13, Froome alipoteza dakika 1 na sekunde 9 kwa namna hiyo, na Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili kwa jumla, alipata pancha wakati huo huo na kufika akiwa amechelewa karibu dakika 10. Mwaka 2020 Pogačar alipoteza dakika 1 na sekunde 21 kwenye upepo wa mkondo wa saba, kisha akashinda Tour kwa sekunde 59. Fanya hesabu hapo uone ilivyokuwa karibu kumponyoka.

Mwisho wa hatua hii, chora duara kwenye mkondo mgumu kuliko yote. Ukiwa mkondo wa 19 au 20, watu watajibana wiki mbili nzima na mapengo yatakuwa madogo hadi siku hiyo, kwa hiyo usitishwe na sekunde za wiki ya kwanza. Ukiwa wiki ya kwanza, anayefika akiwa bado anatafuta makali ameshachelewa.

Hatua ya 3: Punguza majina hadi manane

Timu 22 au 23 za watu wanane wanane zinatoa majina 176 au 184. Zaidi ya 150 kati yao hawana mpango wa kushinda. Wamo kuvuta timu, kusaka mkondo mmoja au kushindana kwa kasi ya mwisho. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mikondo mitatu ya Tour 2024 na kubeba jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi za kumaliza mikondo, na hakuna aliyemtazamia kwa jezi ya njano, ya mshindi wa jumla. Shabiki anayechanganya hayo mawili hupoteza utabiri wake siku ya kwanza.

Mchujo wa kwanza: je, amewahi kumaliza mbio za wiki tatu akiwa kati ya kumi bora? Pogačar kabla ya 2020 alikuwa wa tatu Vuelta 2019. Vingegaard kabla ya 2022 alikuwa wa pili Tour 2021. Wiki ya tatu haifanani na mbio za siku nane, na mwili ambao haujaonyesha kwamba unaimudu unastahili shaka. Shaka tu, si kufutwa. Remco Evenepoel alishinda Vuelta 2022 ilhali mbio za wiki tatu alizoanza kabla ya hapo, Giro ya 2021, hakuzimaliza. Watu wa aina hiyo uwaachie nafasi moja kati ya nane.

Mchujo wa pili: timu imempa uongozi? Mchujo wa tatu: amekuwa mzima tangu Machi? Vingegaard alianguka vibaya kwenye mbio za Basque, kaskazini mwa Uhispania, Aprili 2024, akavunjika mtulinga na pafu likaumia. Alifika Tour, akapigana, akamaliza wa pili kwa dakika 6 na sekunde 17, na wiki ya tatu ndiyo iliyomwonyesha. Aliyepoteza wiki nne za mazoezi kati ya Aprili na Juni usimpe zaidi ya nusu ya alama ambazo ungempa akiwa mzima.

Aliyetoka kushinda Giro mwaka huo huo naye mpunguzie kwa ajili ya Tour. Baada ya Marco Pantani mwaka 1998, ilichukua hadi 2024 kwa Pogačar ndipo mtu akashinda zote mbili mwaka mmoja. Alberto Contador alishinda Giro 2015 na Tour akawa wa tano. Froome alishinda Giro 2018 na Tour akawa wa tatu.

Umri usikuumize kichwa. Egan Bernal alishinda Tour akiwa na miaka 22, Cadel Evans akiwa na 34.

Hatua ya 4: Soma mbio za matayarisho, na upime mlima mwenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kwa Giro, tazama Tirreno–Adriatico na Volta a Catalunya za Machi, na Tour of the Alps ya Aprili. Kwa Tour, tazama Paris–Nice ya Machi, kisha zaidi Critérium du Dauphiné (tangu 2026 huitwa Tour Auvergne-Rhône-Alpes) na Tour de Suisse za Juni. Kwa Vuelta, tazama Vuelta a Burgos na jinsi mtu alivyotoka kwenye Tour.

Matokeo ya Dauphiné yanadanganya kwa kiasi kinachojulikana. Katika matoleo 14 ya kuanzia 2012 hadi 2025, mshindi wake alishinda pia Tour ya mwaka huo mara saba: Wiggins 2012, Froome 2013, 2015 na 2016, Geraint Thomas 2018, Vingegaard 2023, Pogačar 2025. Nusu kwa nusu. Miaka iliyobaki majina ni kama Andrew Talansky, Jakob Fuglsang mara mbili, Richie Porte na Primož Roglič mara mbili. Kwa hiyo orodha ya washindi haitoshi. Unachotafuta ni namna mtu alivyopanda.

Pima hivi. Chagua mpando mmoja wa dakika 20 au zaidi, wenye mwinamo wa asilimia 7 kwenda juu. Chini ya hapo upepo na kujificha nyuma ya wenzake huharibu hesabu. Anzisha saa mtu wako anapopita mwanzo wa mpando ulioonyeshwa kwenye picha ya njia, isimamishe kileleni. Zidisha urefu kwa mwinamo upate mita za kwenda juu. Plateau de Beille ina kilomita 15.8 kwa asilimia 7.9, kwa hiyo ni mita 15,800 × 0.079, sawa na karibu mita 1,248. Mwaka 2024 Pogačar aliupanda kwa chini kidogo ya dakika 40, mlima ambao Pantani mwaka 1998 aliupanda kwa zaidi ya dakika 43. Tumia 40: 1,248 × 60 ÷ 40 ni mita 1,872 kwa saa. Sasa gawa kwa 200 jumlisha mara kumi ya mwinamo, yaani 200 + 79 = 279. Jibu ni kama wati 6.7, yaani kipimo cha nguvu, kwa kila kilo ya mwili.

Namba hiyo ni ya kutisha, hasa ukikumbuka ilikuja mwishoni mwa mkondo wa karibu kilomita 200. Kwa kukadiria, anayetaka jukwaa, yaani nafasi tatu za kwanza, anahitaji kama wati 6 kwa kilo kwa nusu saa na zaidi mwishoni mwa siku ndefu. Anayefikisha 6 kwenye mkondo wa kilomita 120 uliokuwa na mlima mmoja tu hajakuonyesha jambo hilo bado.

Makosa mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza ni kulinganisha miaka tofauti au milima tofauti: upepo ukiwa wa nyuma, wote wanaonekana mashujaa. Linganisha watu wawili siku hiyo hiyo, mlima huo huo. La pili ni kupima mwanzo mahali tofauti. Mita 350 za kosa mwanzoni mwa mpando ni karibu dakika nzima, na dakika nzima kwenye mpando wa nusu saa inamtoa mtu kwenye 6.0 hadi 6.2.

Baada ya namba, tumia macho. Nani alivuta, na nani alikaa nyuma yake? Anayeshinda kwa kufyatuka mita 200 za mwisho baada ya kuvutwa mlima mzima na mwenzake ana kasi, lakini mwenye nguvu ni aliyevuta. Nani aliachwa kisha akarudi? Anayerudi alikuwa anajibana kwa mahesabu. Aliyeachwa na kuendelea kurudi nyuma kila kilomita ameishiwa. Na yupo anayefanya mazoezi ndani ya mbio: anapoteza dakika kumi siku moja kwa makusudi na kesho yake anatoka mbele kilomita 60. Huyo usimfute kwa sababu ya nafasi aliyomaliza.

Hatua ya 5: Ipime timu

Kati ya wanane, hesabu wangapi wanaweza kuwa na kiongozi wao zikibaki kilomita tano mlimani. Watatu ni timu ya ubingwa. Mmoja ni bahati nasibu. Kisha tafuta mtu mzito wa tambarare anayeweza kuvuka milima ya wastani, kwa maana huyo ndiye anayeokoa siku mabondeni.

Giro ya 2025 ndiyo somo lenyewe. Asubuhi ya mkondo wa 20 Isaac del Toro alikuwa na jezi ya waridi, ya kiongozi wa Giro, Richard Carapaz akimfuata kwa karibu, na Simon Yates wa tatu akiwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 21. Timu ya Yates ilimtanguliza Wout van Aert, mtu mkubwa wa kasi, kwenye kundi la waliochomoka asubuhi. Kwenye Colle delle Finestre, ambayo kilomita zake nane za mwisho ni barabara ya vumbi, Yates aliondoka. Del Toro na Carapaz wakabaki wakitegeana, kila mmoja akimtaka mwenzake afanye kazi. Upande wa pili wa mlima, van Aert alikuwa anamsubiri. Akamvuta bondeni kuelekea Sestriere huku wawili wale nyuma wakiangaliana, na Giro ikaisha hapo: Yates akashinda kwa dakika 3 na sekunde 56. Hakuna hesabu ya wati ingekuonyesha hilo, lakini orodha ya timu ingekuonyesha nusu yake. Hiyo nusu nyingine ilikuwa ujinga wa wawili wale, na hiyo haitabiriki.

Timu yenye viongozi wawili si lazima iwe na ugomvi. Vuelta 2023, Jumbo-Visma ilikuja na Vingegaard na Roglič, na aliyeshinda ni msaidizi wao Sepp Kuss, aliyepata muda kwenye kundi la waliochomoka mkondo wa sita. Wale wawili wakawa wa pili na wa tatu. Ukiona timu ya namna hiyo, gawa asilimia zake kati ya watu watatu badala ya kumpa mmoja zote.

Hatua ya 6: Andika dakika

Chukua wawili walio juu kabisa na uwape hesabu ya madeni. Tuseme njia ina kilomita 40 za mbio dhidi ya saa kwenye tambarare, na mikondo mitano ya kileleni.

Kwenye tambarare, mjuzi wa saa humzidi mpanda milima mzuri kwa sekunde 1 hadi 3 kwa kila kilomita. Greg LeMond alimzidi Laurent Fignon sekunde 58 kwa kilomita 24.5 siku ya mwisho ya Tour 1989, kama 2.4 kwa kilomita, akashinda kwa sekunde 8. Pogačar alimzidi Roglič dakika 1 na sekunde 56 kwa kilomita 36.2 zilizoishia mlimani mwaka 2020, zaidi ya sekunde 3. Vingegaard alimzidi Pogačar sekunde 98 kwa kilomita 22.4 zenye mpando mwaka 2023, zaidi ya 4 kwa kilomita. Hiyo ni nadra, usiipange.

Mlimani, wati 0.1 kwa kilo kati ya 6.0 ni kama asilimia 1.7. Mpando wa dakika 40 una sekunde 2,400, kwa hiyo pengo linakaribia sekunde 35 hadi 40.

Tuseme B anamzidi A kwa wati 0.1 mlimani lakini anapoteza sekunde 2 kwa kilomita kwenye saa. Kwenye saa anapoteza sekunde 80. Milimani usimpe faida mara tano: siku mbili kati ya tano hupita bila mtu kushambulia, kwa sababu ya upepo wa mbele, uchovu au hofu. Mpe mara tatu, sekunde 35 kila moja, ni 105. Akiwa wa kwanza na A wa pili mara mbili, bonasi inaongeza sekunde 8. Jumla B yuko mbele kwa sekunde 33. Pancha moja mahali pabaya inazifuta zote. Kwa hiyo jibu la kweli ni nusu kwa nusu, na timu ndiyo itakayoamua. Ukipata pengo la zaidi ya dakika tatu kwenye karatasi, hapo ndipo unaruhusiwa kujiamini.

Hatua ya 7: Geuza kuwa asilimia

Gawa 100 kati ya majina yako manane, na uache 5 hadi 10 kwa "mwingine yeyote". Kabla ya mkondo wa kwanza usimpe mtu zaidi ya 75, hata awe nani. Mwaka 2014 Froome alitoka Tour mkondo wa tano na Contador wa kumi, wote kwa kuanguka, na Vincenzo Nibali akashinda kwa dakika 7 na sekunde 37. Giro 2020 Thomas alikanyaga chupa ya maji barabarani kabla mkondo wa tatu haujaanza rasmi, akavunjika nyonga. Giro 2023 Evenepoel alishinda mbio dhidi ya saa za mkondo wa tisa, akavaa jezi ya waridi, na usiku huo huo akaondoka kwa sababu ya korona.

Hatari hiyo haigawanyiki sawa. Roglič alitoka Tour ya 2021, 2022 na 2024 baada ya kuanguka. Pogačar alianza Tour sita kuanzia 2020 hadi 2025 na kuzimaliza zote, wa kwanza au wa pili. Anayekaa nyuma ya kundi kwenye barabara nyembamba huanguka zaidi, kwa sababu kila kosa la mbele yake linamfikia. Angalia mtu wako hukaa wapi zikibaki kilomita 30.

Hatua ya 8: Badilisha kwa siku maalumu tu

Ukibadilisha kila jioni utakuwa unafuata kelele. Fungua daftari mara tano: baada ya mkondo wa kwanza unaoishia kileleni, baada ya mbio dhidi ya saa za kwanza ndefu, baada ya mkondo unaofuata kila siku ya mapumziko (mwili ukipumzika mara nyingine hugoma kuwashwa), na kabla ya ule mkondo uliouchorea duara.

Siku hizo tazama mambo matatu zikibaki kilomita tano: kiongozi ana wasaidizi wangapi, amekaa gurudumu la ngapi, na mabega yake yanatikisika? Mtu mzima hupanda mwili wa juu ukiwa umetulia. Mabega yakianza kuyumba, anayekuja nyuma ameshaona kabla ya kamera.

Kwenye wiki ya tatu, pengo la dakika tatu si ukuta. Giro 2018, Simon Yates aliongoza siku 13, na Froome aliingia mkondo wa 19 akiwa nyuma yake kwa dakika 3 na sekunde 22. Kwenye Finestre ile ile, zikibaki kama kilomita 80, Froome aliondoka peke yake. Yates siku hiyo alipoteza zaidi ya dakika 38, na Froome akachukua Giro kwa sekunde 46. Dalili zilikuwepo: Yates alikuwa ameshaachwa siku iliyotangulia, mlimani Prato Nevoso, kwa sekunde chache. Kiongozi anayepoteza sekunde chache mlima wa kwanza wa wiki ya tatu mpunguzie nusu ya asilimia zake siku hiyo hiyo. Wengi wanaona sekunde na kusema bado ana nafasi.

Kuhesabu alama barazani

Kila mtu akabidhi asilimia zake kabla ya mkondo wa kwanza. Mwisho, kwa kila jina chukua tofauti na ukweli, uizidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe. Uliyempa 60 akishinda, tofauti ni 40, alama 1,600. Wa pili uliyempa 30, alama 900. Waliobaki kwa pamoja 10, alama 100. Jumla 2,600. Mwenye alama chache ndiye bora. Aliyeapa 100 kwa mtu mmoja na akakosea anapata 20,000, na hawezi tena kulifikia kundi mwaka huo hata kama Giro, Tour na Vuelta zitahesabiwa pamoja.

Kubalianeni pia kwamba matokeo ni yale ya jukwaani siku ya mwisho. Vuelta ya 2011 ilishindwa na Juan José Cobo, na mwaka 2019 akanyang'anywa kwa makosa ya dawa na taji likapewa Froome. Bila kanuni hiyo, mtu atakuja kudai alama zake baada ya miaka minane.